Masurufu ya Msomi: Kutoka Mlimani Hadi Mungaa

Watu wa mwambao wanalijua vyema neno masurufu. Nahodha aliyekuwa akijitayarisha kuvuka bahari alihakikisha kwanza kwamba masurufu yamo chomboni: mchele, tende, samaki mkavu na maji ya kunywa, kwa kiasi cha siku alizozikadiria na siku mbili tatu za tahadhari. Neno hilohilo likaingia maofisini, na leo mtumishi wa serikali atumwaye safari ya kikazi hupewa masurufu ya fedha, na akirejea hutakiwa ayatolee hesabu. Kwa maana zote mbili masurufu si mali ya msafiri. Ni amana aliyokabidhiwa kwa ajili ya safari, na aliyeitoa hubaki nyuma akiitazama njia.

Makala haya yanaieleza historia ya msomi wa Tanzania pale anapovuka kutoka chuo kikuu kuingia kazini, tangu mwaka 1961 hadi zama zetu. Aghalabu historia hii husimuliwa kutoka Dar es Salaam, yalipo madarasa na maofisi. Naomba ruhusa ya wasomaji tuitazame kutoka upande wa waliotoa masurufu, mbali kabisa na bahari, katika kata ya Mungaa, mkoani Singida.

Mungaa imo katika Wilaya ya Ikungi, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Singida Vijijini. Ni nchi ya kati, nusu kame, yenye msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza kiasi cha Novemba au Disemba na kumalizika Aprili. Mtama na uwele ndizo nafaka za jadi, alizeti ni zao la fedha, na ng'ombe ni akiba ya mwenye nyumba. Wenyeji ni Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi. Nimeichagua Mungaa kwa sababu moja. Mfano mashuhuri kuliko yote uliowahi kutolewa nchini mwetu juu ya deni la msomi ni mfano wa kijiji chenye njaa, na katika nchi ya Singida njaa si tamathali ya usemi. Mvua ikikatika Februari, kila nyumba huanza kuhesabu madebe yaliyobaki katika kihenge.

Mfano huo ni wa Mwalimu Julius Nyerere, naye aliutoa katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Alimfananisha mwanafunzi wa elimu ya juu na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji kilichoshikwa na njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila kisha asirudi na msaada, alisema Mwalimu, basi ni msaliti. Mfano ni mkali, lakini haukutolewa na mtu asiyejua alisemalo. Nyerere mwenyewe alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, akarudi kufundisha Tabora, akaenda Edinburgh mwaka 1949, na aliporejea mwaka 1952 hakupita muda ila alikuwa tena mbele ya ubao, safari hii Pugu.

Ili tuuelewe ukali ule, hatuna budi kukumbuka uchache wa wasomi wa siku zile. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, majuma sita tu kabla ya Uhuru wa Tanganyika, ndani ya jengo la TANU katika mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja, cha sheria, na wanafunzi 13. Mwalimu alizoea kukumbusha kwamba Waingereza walipoondoka waliacha wahandisi wawili na madaktari 12 waliofunzwa. Kwa idadi hiyo hapakuwa na swali la mhitimu kutafuta kazi. Kazi ndiyo iliyokuwa ikimtafuta, tena kabla hajavua joho. Serikali ilimlipia masomo, naye akafungwa na ahadi ya kuitumikia kwa miaka kadhaa, na alipomaliza alipokea barua ya kupangiwa kituo. Chuo kilipohamia kilimani mwaka 1964, watu wakakiita Mlimani, na jina hilo likabeba maana mbili: mahali pa juu, na watu waliowekwa juu.

Hapo ndipo ugomvi wa kwanza ulipozuka. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa mwaka 1963 kwa vijana wa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ilikusudia kulifanya kuwa la lazima kwa wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita. Mhitimu angetumikia miaka miwili, sehemu ya kwanza kambini na iliyobaki katika kazi yake, na katika muda huo angelipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Miongoni mwa mabango yao lilikuwamo lililodai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akakasirika. Alikubali kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno, ukiwamo wake mwenyewe, akatangaza kuupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao.

Makwao: neno hili ndilo ninalotaka tulitafakari. Adhabu kubwa iliyopatikana kwa msomi ilikuwa kumrudisha kijijini kwa wazazi wake. Wengi wao waliruhusiwa kurejea chuoni mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, na utumishi wa lazima ukathibiti. Lakini tayari jambo moja lilikuwa limekwisha kufundishwa pasipo kukusudiwa. Kijiji kilichodaiwa kuwa ndicho mwenye masurufu, ndicho pia kilichofanywa gereza la aliyekosa.

Hata hivyo, kuanzia hapo ukapatikana utaratibu uliodumu kwa karibu miongo miwili, na ni haki kuusema kwa wema wake. Mhitimu alipitia kambi kama Ruvu, Mgambo au Makutupora, akalala bwenini na vijana wa kila kabila, akalima, akakimbia mchakamchaka alfajiri. Kisha barua yake ikamfikia. Mwana wa Singida alipangiwa Mtwara au Bukoba, na mwana wa Mtwara akapelekwa Singida. Huko waliongea Kiswahili, wakaoana, wakazaa watoto ambao leo wakiulizwa kabila lao hufikiri kwanza. Visiwani kwetu nako, vijana waliopelekwa kusoma Ujerumani Mashariki, Urusi, China na Cuba baada ya Mapinduzi ya 1964 waliporejea walikuta serikali ndiyo mwajiri mkubwa na ndiyo mpangaji. Nchi nyingine za Afrika zilifuata njia inayofanana na hii: Nigeria ilianzisha utumishi wake wa vijana wahitimu mwaka 1973, na hadi leo unaendelea.

Lakini tukikaa Mungaa na kuitazama njia, tunaona kasoro iliyofichwa na wema huo. Aliyetoa masurufu ni kijiji, na aliyepokea hesabu ni taifa. Mzee aliyeuza ng'ombe ili mwanawe avae viatu vya sekondari alimwona mwanawe huyo wakati wa likizo tu, akiwa ametokea kituo cha mbali. Fedha kidogo zilitumwa, bati likaezekwa juu ya tembe, mdogo mtu akasomeshwa. Hayo hayakuwa madogo. Walakini hayakuwa ndiyo yaliyoahidiwa na mfano, kwa kuwa mfano ulisema msafiri atarudi.

Mwaka 1974 viongozi waliona wenyewe kwamba jambo halijakaa sawa. Azimio la Musoma la Novemba mwaka huo liligeuza mpangilio: mwanafunzi wa kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali kwanza afanye kazi kwa muda usiopungua miaka miwili, na aingie chuoni kwa kupendekezwa na mahali pake pa kazi na Chama. Hivyo kazi ilitangulizwa mbele ya elimu. Ilikuwa miaka ya ukame na upungufu mkubwa wa chakula, na miaka ileile watu wakihamishiwa katika vijiji vipya. Wanafunzi waliofika Mlimani kwa njia hii walikuwa watu wazima waliokwisha kupokea mshahara na kujua bei ya unga. Lakini idadi ya wanawake ilipungua, kwani miaka miwili nje ya shule ilikuwa kwa wengi miaka ya kuolewa, na haikuchukua muda mrefu wakaruhusiwa kuingia bila kungoja. Katikati ya miaka ya 1980 sharti lenyewe lilikuwa limekwisha kuachwa.

Muongo huo ndio uliovunja utaratibu wote. Mwaka 1986 Tanzania ilitiliana mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kuanzia hapo serikali iliyokuwa mwajiri wa wote ikatakiwa ijipunguze. Katika miaka ya 1990 maelfu ya watumishi walipunguzwa kazini, uchangiaji wa gharama ukaingia vyuoni, na mwaka 1994 mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa yakasimamishwa. Yalirudishwa mwaka 2013, lakini utaratibu wa kupangiwa kazi haukurudi nayo. Hakuna aliyeitangaza siku ambayo barua ya kupangiwa kituo ilikufa. Ilichelewa mwaka mmoja, ikachelewa miwili, kisha watu wakaacha kuiulizia.

La kustaajabisha ni kwamba wakati mlango wa kutokea ulikuwa ukifinyika, mlango wa kuingilia ulizidi kupanuka. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianza Tunguu mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kikafunguliwa mwaka 2001. Mwaka 2007 kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, juu ya vilima vinavyoutazama mji ambao kwa mtu wa Singida ni safari ya saa chache kwa basi. Kijana wa Mungaa hakulazimika tena kuiona bahari ili aitwe msomi. Hili ni jema kubwa, na asitokee wa kulibeza. Watoto ambao babu zao hawakuwahi kumwona mhitimu hata mmoja sasa wanaketi katika kumbi za mihadhara, wavulana kwa wasichana.

Walakini masurufu yao ni ya namna nyingine. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005, na Zanzibar nayo ikapata bodi yake baadaye. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mnufaika wa bodi ya Bara aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kila mwezi hadi deni limalizike. Tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyowaumiza wengi, ilifutwa mwaka 2021. Tuzilinganishe zama mbili. Wanafunzi wa 1966 waliandamana kwa sababu ya kupoteza asilimia 60 ya mshahara kwa muda wenye kikomo, lakini mshahara wenyewe hawakuutilia shaka. Mhitimu wa leo angeifurahia asilimia 85 yake, lau angeupata huo mshahara.

Juni 2014 jambo hili lilionekana kwa macho. Idara ya Uhamiaji iliita usaili kwa nafasi 70, na waliofika walikuwa zaidi ya 10,000, hata ukatumika Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam. Vijana waliketi kwenye viti vya watazamaji wa kandanda, kila mmoja na bahasha yake ya vyeti. Walimu walidumu kupangiwa vituo moja kwa moja kwa muda mrefu kuliko wengine, lakini tangu katikati ya miaka ya 2010 mlango wao nao umefungwa na kufunguliwa kwa zamu, na sasa wao pia hukaa usaili. Maombi hutumwa kwa intaneti, katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na jibu huja kwa njia hiyohiyo, likija.

Sasa turudi Mungaa. Mhitimu asiye na kazi ana njia mbili. Ya kwanza ni kubaki mjini, Dodoma au Dar es Salaam, katika chumba cha ndugu au cha rafiki, akifanya kibarua hiki na kile, na akipigiwa simu kutoka nyumbani anasema mambo yanaendelea vizuri. Ya pili ni kurudi. Anayerudi hupokelewa kwa furaha wiki ya kwanza. Baadaye msimu wa kilimo unaingia, naye anashika jembe pamoja na wadogo zake ambao hawakusoma, na jina la msomi, ambalo zamani lilikuwa heshima, linaanza kuitwa kwa sauti nyingine. Ndiyo maana wengi huichagua njia ya kwanza, si kwa kupenda mji, bali kwa kuona haya. Fundisho la 1966 lingali hai: kurudi kijijini ni adhabu.

Hapa ndipo ninapouona upungufu wa mfano wa Mwalimu. Mfano ule ulimfikiria msafiri mwaminifu na ulimfikiria msafiri msaliti. Haukumfikiria msafiri wa tatu, aliyekwenda kwa uaminifu, akafika alikotumwa, na akakuta ghala limefungwa. Hana chakula cha kurudi nacho, wala hakuiba alichopewa. Kwa lugha ya mfano hana jina, na kwa kukosa jina huchanganywa na msaliti, na yeye mwenyewe hujihesabu hivyo.

Wapo wanaolijibu swali hili kwa neno moja, kujiajiri, na aghalabu wanaolisema ni walioajiriwa. Neno si baya. Singida ina alizeti na vinu vya kukamulia mafuta, ina vitunguu, ina kuku ambao sifa yao imefika Dar es Salaam, na msomi wa kilimo au wa biashara ana la kufanya katika yote hayo. Lakini kumwambia mtu ajiajiri bila mtaji ni kumwambia asafiri bila masurufu. Sheria imeagiza tangu mwaka 2018 kwamba halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na katika hiyo asilimia 4 ni ya vikundi vya vijana. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Ni mwanzo, ila fungu la halmashauri ya nchi kame, itegemeayo ushuru wa mazao, hupanda na kushuka pamoja na mvua.

Labda Wanyaturu wenyewe wana jibu la zamani zaidi. Mwanaanthropolojia wa Kimarekani Harold Schneider, aliyeishi miongoni mwao karibu na wakati wa Uhuru na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, alieleza jinsi uchumi wao ulivyozunguka. Nafaka iliyozidi ilibadilishwa kwa mifugo. Mifugo ilitoa samadi, samadi ikarutubisha shamba, na shamba likatoa nafaka. Katika mzunguko huo ng'ombe hakuhesabiwa kwa nyama na maziwa yake pekee. Mchana alichungwa mbali, usiku alilala zizini, na katika mwaka ambao hakuuzwa wala kuchinjwa bado aliliacha shamba likiwa na nguvu kuliko alivyolikuta.

Simlinganishi msomi na mnyama. Ninalosema ni kwamba watu walioishi na ukame kwa karne nyingi hawakulipima deni kwa tarehe moja ya kulipa. Walijua kwamba mali inayozunguka hupita mahali isikoonekana. Kijana aliyerudi Mungaa bila ajira huenda ndiye anayeisoma fomu ya hospitali kwa niaba ya jirani, anayewaandikia wanakikundi katiba yao, anayemfundisha hesabu mtoto wa darasa la saba chini ya mti, anayemuuliza mnunuzi wa alizeti kuhusu mizani yake. Hakuna bodi inayoyaandika hayo katika daftari la marejesho, na wala hayaondoi wajibu wa serikali kufungua milango ya kazi. Lakini kijiji kikiyaona na kuyataja kwa jina lake, yaani malipo, kijana ataweza kuinua uso.

Washairi wetu nao wana sehemu yao. Kwa miaka mingi tungo za Kiswahili zimeisifu elimu kuwa taa, bahari na ufunguo. Tumekuwa na tungo chache mno juu ya mwenye ufunguo asiyeuona mlango, na chache zaidi juu ya mama yake. Ni fani pana, inayomngoja mwenye vina.

Nikaanzia pwani, na nimalizie pwani. Ngalawa inaporudi jioni, watu walio ufukweni huingia majini kuisaidia kuivuta juu ya mchanga. Huivuta kwanza, na habari za samaki huja baadaye. Ikiwa haikupata kitu, imekwisha kuvutwa, na wavuvi wamo nchi kavu pamoja na wenzao, wakiwazia upepo wa kesho. Msafiri wa Mungaa aliyerudi mikono mitupu anastahili mapokezi hayohayo.